Nani Atamtilia Saini Yatima Anayekwenda Chuo?

Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, Kasongo haitulii. Waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani na usoni, pikipiki hupiga honi, wazazi hutoka nje kupokea pongezi za majirani. Furaha hiyo hukaa siku chache, kisha swali la fedha huingia ndani ya nyumba: diploma imepatikana, sasa chuo atalipa nani? Kwa kijana mwenye baba na mama, swali hilo ni zito. Kwa yule aliyekulia katika familia ya mapokezi baada ya kutoka porini kwa makundi ya silaha, au aliyekabidhiwa kwa mlezi kwa amri ya hakimu, au aliyewapoteza wazazi wote wawili wakati wa kukimbia vita, linatanguliwa na jingine. Fomu ya kujiandikisha ina mstari wa mzazi. Nani atatia saini pale?

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, watoto wa namna hiyo wamekuwepo kwa kizazi kizima. Mwaka 1996 na 1997 jeshi la waasi la AFDL lilipovuka nchi, makadogo, yaani askari watoto, walikuwa ndani yake, wengine wadogo kuliko bunduki walizobeba. Vita vya 1998 hadi 2003 vikafuata. Baadaye wakaja wanamgambo wa Raia Mutomboki, na upande wa Kabambare, kuzunguka Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, Mai-Mai Malaika. Kila wimbi lilichukua watoto na kuacha yatima.

Mjadala huu umekabidhiwa sauti tano: mama mlezi, prefe wa shule ya sekondari, mwanasheria, shehe, na kijana mwenye diploma. Hawakupewa majina kwa sababu hawasimami mahali pa mtu fulani. Kila mmoja amebeba hoja. Wamewekwa pamoja Nyangwe, kwenye baraza linalotazama Lualaba, na mwandishi amejipa haki ya kuingilia kati anapoona inafaa.

Mwanasheria ndiye anayeanza, kwa kuwa ana karatasi mkononi. "Sheria tunayo," anasema. "Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika kundi lolote la silaha, na anayefanya hivyo anastahili kifungo cha miaka 10 hadi 20. Inaitaka serikali imtoe mtoto huyo na kumrudisha katika familia au jamii. Imeagiza mahakama ya watoto katika kila teritwari na kila mji, na pale isipofunguliwa, mahakama ya amani hubeba kazi hiyo. Hakimu anaweza kumweka mtoto kwa mlezi. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia dikrii ya Wabelgiji ya 1950 juu ya watoto wahalifu. Hii ni hatua kubwa."

"Ni hatua kubwa, ndugu mwanasheria," mama mlezi anajibu, "lakini niambie inaishia umri gani."

"Miaka 18."

"Basi hesabu nami. Mtoto anaanza shule ana miaka 6. Akisoma bila kukatiza, miaka 12, anapata diploma akiwa na 18. Huyo ni mtoto wa nyumba iliyotulia. Wangu alichukuliwa akiwa darasa la tano. Aliporudi, alikaa mwaka mzima hawezi kuketi darasani, mlango ukigongwa anaruka. Akarudishwa nyuma madarasa mawili. Diploma aliipata ana miaka 22. Sheria yako ilimwacha akiwa bado sekondari. Ilimshika mkono kwenye maji mafupi, ikamwachia kwenye maji marefu."

Hapa mwandishi anakubaliana na mama bila kusita, kwa sababu hesabu yake haina mwanya. Hata mtoto ambaye hakupoteza mwaka mmoja anafika mlango wa chuo siku zilezile ulinzi wa kisheria unapomtoka. Aliyepoteza miaka, na ndiye aliyekusudiwa na sheria, hafiki kabisa akiwa chini yake. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa vita imehesabu umri wa mtoto wa amani.

Prefe anainua mkono. Amefundisha muda mrefu, na mtu asidhani kwamba hana huruma. Wanafunzi wengi wa hali hii wamepita mikononi mwake.

"Mama, mimi nasema kama mtu wa shule. Shule ya msingi imekuwa bure tangu Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi katika kifungu cha 43. Sekondari bado wazazi wanalipa, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 ni wao wanaobeba mishahara ya walimu kwa ile inayoitwa motisha. Chuo kikuu ndiyo kabisa. Baba zetu walisoma Lovanium na Lubumbashi kwa bursi ya serikali, na bursi hizo zilikatwa katika miaka ya 1980. Leo mfuko ni mdogo. Ukiwa mdogo, mpe anayeweza kufika mbali. Programu ya Excellentia ya wakfu wa Mama Denise Nyakeru Tshisekedi inachukua waliong'ara katika mtihani wa serikali. Bursi za BEBUC, zilizoanzishwa pamoja na Profesa Bringmann wa Würzburg, zinachukua wanafunzi bora. Haziulizi baba yako ni nani. Alama hazina kabila wala ukoo. Hiyo ni haki."

Kijana, aliyekuwa kimya, anauliza kwa heshima kama anaweza kusema.

"Prefe, wewe ulinifundisha. Unajua nilipata asilimia 54. Asubuhi kabla ya shule nilikuwa nachota maji nyumba tatu ili nilipe minervali, karo ya shule. Mwezi wa nne nilifukuzwa kwa deni, nikarudi mwezi wa tano. Usiku nilisomea kwa simu ya jirani. Mwenzangu aliyepata 70 alikuwa na taa, na baba, na chakula. Simwonei wivu. Lakini alama zile hazikupima akili zetu peke yake. Zilipima pia nyumba zetu."

"Sikatai, mwanangu," prefe anasema. "Lakini nikiacha alama, nitashika nini? Nikisema bursi ni ya waliotoka porini, kesho kila kijana atatoka porini. Na jirani yako aliyebaki akilima mihogo, ambaye baba yake ni maskini lakini yuko hai, ambaye alikataa kushika bunduki, nimwambie nini? Kwamba angeshika angesoma?"

Hilo ndilo jiwe lenyewe, na limewakwaza wengi kabla ya baraza hili. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa na mataifa mengi Februari 2007 juu ya watoto waliotumiwa na makundi ya silaha, zinaonya dhidi ya msaada unaomtenga mtoto wa porini na wenzake wa kijijini: unaleta kinyongo, unamwekea alama usoni, na unaweza kuifanya bunduki ionekane kama njia ya kupata mali. Prefe ana hoja, na yeyote anayepanga bursi bila kuisikiliza atavuruga kijiji.

Lakini hoja yake haifiki anakotaka ifike. Inakataza kugawa kwa kigezo cha bunduki. Haikatazi kugawa kwa kigezo cha kukosa mzazi wa kulipa na kutia saini, kigezo kinachowaweka pamoja aliyetoka kwa Malaika, yatima wa kipindupindu, na mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa kuitwa mchawi. Hao wote kijiji kinawajua. Hakuna anayeweza kujifanya yatima Nyangwe. Mtu mzima akifa, watu wote huwa wamekwenda msibani.

Mama mlezi analeta jambo ambalo wanaume watatu na kijana hawakuligusa. "Mnazungumza juu ya watoto wa porini kana kwamba wote ni wavulana. Wasichana hawatoki kwa mstari wakipokea cheti cha kutoka. Wanatoroka usiku, wanaingia kwa shangazi, hawasemi. Akisema, nani atamwoa? Sasa mkiweka kigezo cha cheti, mmewafunga nje wote."

Yuko sahihi, na si kwa Kabambare pekee. Mwaka 2017 shirika la Child Soldiers International lilichapisha ripoti iliyotokana na mazungumzo na wasichana wapatao 150 wa mashariki mwa Kongo waliowahi kuwa ndani ya makundi hayo. Wengi walirudi wenyewe bila kupita katika mpango wowote rasmi. Na walipoulizwa ni nini kingewasaidia kukubalika tena nyumbani, shule ilikuwa miongoni mwa majibu yaliyorudiwa sana: msichana mwenye sare na daftari husalimiwa.

"Basi tuje kwenye karatasi," mwanasheria anasema, "maana vita vyote vinaishia hapo. Chuo kinadai nini? Diploma au hati ya kufaulu. Buletini za alama za miaka miwili ya mwisho. Hati ya kuzaliwa. Hati ya mwenendo mwema. Picha. Fedha."

Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la mtoto asiye na mzazi, kila mstari ni mlango. Buletini zinaweza kushikiliwa shuleni kwa ajili ya deni la minervali. Hati ya kuzaliwa: Sheria ya Familia inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto, na baada ya hapo inahitajika hukumu ya kujazia kutoka mahakamani; wangapi waliandikishwa ndani ya siku 90 wakati wazazi wao walikuwa msituni wakikimbia? Hati ya mwenendo mwema inatoka kwa mkuu wa mtaa au wa sekta, na kijana aliyewahi kuwa porini anaiomba kwa mtu ambaye huenda nyumba yake iliporwa na kundi lile. Sheria ya 2009 inamtambua kijana huyo kuwa mtoto aliyetendewa kosa. Halafu meza ya kujiandikisha inamdai athibitishe kuwa ni mtu mwema.

"Nimekuwa mama yake kwa miaka tisa," mama mlezi anasema, "lakini mbele ya karatasi mimi si mtu. Wananiuliza: wewe ni nani wake? Nikisema ni mlezi, wanasema lete hukumu. Hukumu iliisha alipofika 18."

Shehe, aliyekuwa akisikiliza huku tasbihi ikipita vidoleni, anasema pole pole. "Nchi hii imewahi kujitangaza kuwa baba wa yatima. Tarehe 12 Julai 1890 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitoa dikrii ya kuwaweka chini ya ulezi wa dola yake watoto waliokombolewa utumwani, yatima na walioachwa. Dikrii ya tarehe 4 Machi 1892 ikawapa wamisionari ulezi huo. Mwaka mmoja baadaye majeshi ya dola hiyo chini ya Dhanis yakachukua Nyangwe hii, mwezi Machi, kisha Kasongo mwezi Aprili. Watoto wa ulezi ule walikusanywa katika makoloni ya watoto, Boma na Nouvelle-Anvers, wakafundishwa uaskari na kazi. Tangu hapo mzee wa Kiislamu akisikia serikali inataka kumlea mtoto, anauliza: umlee awe nani? Shule zilikuwa za misheni, na kuingia kulikuwa karibu sawa na kubatizwa. Babu zetu wakawaficha watoto. Ndiyo maana hata leo tuna wanachuo wachache kuliko tulivyostahili."

"Shehe, unasema tusitake serikali?" kijana anauliza.

"Nasema tusiisubiri peke yake. Tuna zaka. Tuna waqfu, jambo ambalo mababu zetu walilijua tangu kwa watu wa pwani. Kila Ijumaa tunasikia habari ya haki ya yatima. Msikiti, parokia na kanisa la Kiprotestanti vikiungana, hatuwezi kupeleka vijana kumi chuoni Kindu kila mwaka?"

Mama mlezi anamshukuru, kisha anakataa nusu ya neno lake. "Shehe, nauli ya kwanza na godoro, tutachanga. Tunachanga hata sasa, katika AVEC yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, kila juma. Lakini lisansi, shahada ya kwanza, ni miaka mitatu. Mchango unaanza na watu ishirini, mwaka wa pili wamebaki sita, mwaka wa tatu mtoto anarudi nyumbani na madeni. Sadaka inategemea moyo wa mtu. Nataka kitu ambacho mtoto anaweza kukidai ofisini bila kuinamisha kichwa."

Mwandishi amesikia hoja ya mchango ikitolewa mara nyingi kwa nia njema, na anaiheshimu. Lakini mtu akiuliza kwa nini vijana hawa huacha chuo katikati, jibu la mama ndilo: msaada wa mwanzo hupatikana, msaada wa kuendelea haupo.

Basi fedha zitoke wapi? Mwanasheria ana jibu, na hapa baraza linachangamka. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la ugatuzi ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kampuni inadaiwa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi. Kisha sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 ikaweka msingi wa fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono wa vitani na makosa makubwa dhidi ya binadamu, na mfuko wa FONAREV, ambao umetengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini.

"Mtoto aliyechukuliwa na kundi lililokuwa likigombea mgodi," anasema, "asomeshwe kwa mrabaha wa mgodi. Nani atapinga?"

"Mimi sipingi, nauliza," prefe anasema. "Namoya ilianza uzalishaji wa kibiashara 2016. Septemba 2019 kampuni yake, Banro, ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Mgodi ukisimama, mrabaha unasimama. Na ukiwepo, unapita mikononi mwa nani? Leo tukisema asilimia fulani ni ya bursi, kesho utasikia imenunua pikipiki ya sekta."

"Ndiyo maana isiwe ahadi ya mdomo," mwanasheria anajibu. "Iwe mstari ndani ya bajeti ya jimbo, uliopigiwa kura na bunge la jimbo huko Kindu, na majina ya wanaosoma yabandikwe mlangoni kwa admini wa teritwari na shuleni. Kijiji kitasoma. Kijiji kinajua yatima wake."

"Mkopo je?" shehe anauliza. "Jirani zetu wanatoa mikopo."

Ni swali linalostahili kukaa kidogo. Tanzania ina Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005, na yatima wanapewa uzito wa pekee. Lakini mwombaji lazima alete cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, na huko Tanzania Bara ofisi hiyo ipo na inafanya kazi. Mtoto wa Kabambare ambaye baba yake alifia msituni 2002 ataleta cheti gani? Kenya ilijaribu mwaka 2023 kugawa ufadhili na mikopo kwa kupima hali ya kila familia. Malalamiko ya waliowekwa katika ngazi isiyo yao yakawa mengi, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Marekani, ambako familia nyingi za Kikongo zimepelekwa kutoka kambini, kuna kanuni moja ya busara: mwanafunzi aliyekuwa yatima, au katika malezi ya muda, au chini ya ulezi wa mahakama wakati wowote tangu alipofika miaka 13, haulizwi habari za wazazi anapoomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Anahesabiwa kama mtu anayejitegemea. Kanuni hiyo haigharimu fedha nyingi. Inaondoa mstari mmoja kwenye fomu.

Kuhusu mkopo wenyewe, kijana ana neno. "Shehe, ukinikopesha nitasoma. Nikimaliza, kazi iko wapi Kasongo ya kulipia? Nitaanza maisha nikiwa na deni, bila ukoo wa kunidhamini. Mwenye baba akishindwa, baba anauza shamba. Mimi nitauza nini?" Kisha anaongeza jambo ambalo limemkaa rohoni. "Nina rafiki aliyevuka Tanganyika na mama yake mdogo, wakaingia kambi ya Nyarugusu. Huko anaweza kuomba bursi ya DAFI, ile ya Shirika la Wakimbizi ambayo Ujerumani inaifadhili tangu 1992. Mimi nilibaki kwetu. Kwa kuwa nilibaki, siwezi hata kuomba."

Hakuna barazani aliyepata jibu la haraka kwa hilo. Prefe ndiye anayesema, na neno lake linaonyesha kuwa amesogea: "Nitaacha hoja ya alama za juu, kwa sharti moja. Awe amefaulu mtihani wa serikali, basi. Na akiwa chuoni, apande mwaka. Akianguka mara mbili, ampishe mwingine." Mama anakubali sharti hilo. Kijana pia, tena haraka kuliko mama.

Uamuzi wa mwandishi ni huu. Bursi za vipaji ziendelee, nchi inazihitaji, lakini zisichukuliwe kuwa jibu kwa mtoto asiye na mzazi. Kwake yeye yanatakiwa mambo yasiyosubiri utajiri. Hukumu ya hakimu inayompa mlezi iendelee kuhesabika mbele ya chuo mpaka mwisho wa lisansi, hata kama kijana ana miaka 25. Pale ambapo hakuna hukumu, msichana aliyetoroka kimya akiwa mmojawapo, ushahidi wa asistanti sosiali na wazee wawili wa kijiji ulioandikwa mbele ya mahakama utoshe. Hati ya mwenendo mwema isidaiwe kwa mtu ambaye sheria yenyewe inamwita mwathirika. Na katika ile asilimia 25 ya jimbo na 15 ya eneo la ugatuzi, sehemu ya karo ya hawa iandikwe kwa tarakimu, mwaka hadi mwaka, ili mtoto wa mwaka wa tatu asirudishwe na uchovu wa wachangiaji.

Wabunge wa Kindu hawahitaji kibali cha Kinshasa kuandika mstari katika bajeti yao. Wakuu wa vyuo hawahitaji sheria mpya kuikubali saini ya mama mlezi. Kabla matokeo yajayo ya mtihani wa serikali hayajasomwa, na wafanye hivyo.